Herufi ŋ na Maktaba ya ncurses: Kuunda Programu kutoka Msimbo Chanzo kwa Utafiti wa Kimwera, Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kuunda na kusakinisha maktaba ya programu iitwayo ncurses kutoka msimbo chanzo. Maelezo yanamlenga mtafiti wa isimu anayeandika data za Kimwera katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza kazi ya mafundi wa kompyuta imeingiaje katika kurasa hizi. Jibu letu ni herufi moja tu, nayo ni ŋ.

Kimwera, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimepewa nambari P22, ni jirani wa karibu wa Kiyao (P21) na Kimakonde (P23). Kisichanganywe na Kimwera cha Mbamba Bay, pembezoni mwa Ziwa Nyasa, ambacho ni lugha nyingine na ambacho Guthrie hakukiweka katika kundi hilo. Sarufi ya Kimwera cha kusini mashariki iliandikwa na Lyndon Harries na kuchapishwa mwaka 1950, na mpaka leo wanafonolojia huitumia kwa sababu ya kanuni mbili zinazohusu nazali. Ya kwanza ni kwamba kipasuo ghuna kinachofuata nazali hudondoshwa: umoja ni lugomo 'mdomo', na wingi wake ni ŋomo 'midomo', si *ŋgomo. Ya pili ni kwamba kipasuo kisoghuna kinachofuata nazali hugeuka kuwa ghuna, na kipasuo hicho kipya hakidondoshwi. Matokeo yake ni kwamba Kimwera kina ŋ peke yake iliyotokana na g, na pia kina ŋg iliyotokana na k. Tofauti baina ya sauti hizo mbili ndiyo ushahidi wote tulio nao juu ya mpangilio wa kanuni hizo. Anayeipoteza tofauti hiyo katika daftari lake ameupoteza utafiti wenyewe, hata kama kanda za sauti anazo.

Inapotea vipi? Si lazima mtafiti awe mzembe. Yatosha kompyuta yake ihesabu herufi vibaya.

2.0 Herufi moja, baiti mbili

Katika mfumo wa usimbaji wa UTF-8, ambao leo ndio unaotumika karibu kila mahali, herufi zote za Kiswahili sanifu huchukua baiti moja moja. Ndiyo maana mwandishi wa Kiswahili anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na tatizo tunalolieleza hapa. Herufi ŋ ni tofauti. Huchukua baiti mbili, C5 na 8B. Kwa hiyo neno ŋomo lina herufi nne lakini lina baiti tano.

Programu inayoandika kwenye skrini ya maandishi ni lazima ijue kishale, yaani alama ya mahali pa kuandika, kiko safu ya ngapi. Ikiwa programu huhesabu baiti badala ya herufi, itaamini kuwa baada ya kuandika ŋomo kishale kiko safu ya tano, ilhali kwa macho ya mtafiti kiko safu ya nne. Kuanzia hapo kila kitu katika mstari huo husogea. Tafsiri iliyopaswa kukaa chini ya neno lake hukaa chini ya neno la jirani. Lililo baya zaidi ni pale mtafiti anapofuta. Programu ya namna hiyo hufuta baiti moja akidhani imefuta herufi, na C5 hubaki peke yake ndani ya faili. Baiti hiyo pweke si herufi yoyote. Programu nyingine itakayolisoma faili hilo baadaye, pengine miezi sita baadaye mjini Dar es Salaam, itaweka alama ya kuuliza au itaiondoa kimya kimya. Ikiiondoa, ŋomo huwa omo.

Wako watakaosema: basi tuandike ng' kama tunavyofanya katika Kiswahili. Pendekezo hili si la kupuuzwa, na kwa kitabu cha kusomea watoto wa Mnacho au Mbekenyera ndilo tungelichagua. Kwa data za utafiti lina dosari mbili. Kwanza, programu nyingi za kupanga na kuhesabu maneno huichukulia ritifaa kuwa alama ya uakifishaji, hivyo hulikata neno katikati. Pili, programu nyingi za kuandikia huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda bila kumwuliza mwandishi, na ritifaa iliyopinda ina baiti tatu. Aliyekimbia baiti mbili amekutana na tatu.

3.0 Maktaba isiyosomwa

Neno maktaba katika taaluma ya programu limehamishwa kutoka mahali pa vitabu, na uhamisho huo hupotosha kidogo. Maktaba ya programu haisomwi na mtu. Ni mkusanyo wa taratibu zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingine huziita zinapohitaji kazi fulani ifanywe. Maktaba ya ncurses hufanya kazi ya kuiongoza skrini ya maandishi: kusogeza kishale, kufuta mstari, kupaka rangi, kugawa skrini kuwa madirisha, kupokea vibonye vilivyobonyezwa.

Asili yake ni zama ambazo kompyuta moja ilihudumia watu wengi, kila mmoja akiwa mbele ya terminali yake, na terminali hizo zilitengenezwa na makampuni mbalimbali yasiyokubaliana juu ya ishara za kusogeza kishale. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy alibuni hifadhi ya sifa za terminali iliyoitwa termcap, na Ken Arnold akaandika maktaba ya kwanza ya curses. Jina hilo ni mzaha wa waandishi wa programu: linatokana na neno lao la kishale, lakini kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na neno lenye maana ya laana. Mwaka 1982 Pavel Curtis alianza toleo lililo huru, Zeyd Ben-Halim akaliendeleza, na ncurses ikatolewa kwa jina hilo mwaka 1993. Eric Raymond alishiriki, na kwa miaka mingi sasa mtunzaji wake ni Thomas Dickey. Toleo la 6.0 lilitoka mwaka 2015 na la 6.5 mwaka 2024.

Terminali za chuma zimekwisha, lakini dirisha la amri katika kompyuta yoyote yenye Linux huigiza tabia zake, na bado huhitaji maelezo yaliyomo katika hifadhi iitwayo terminfo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maktaba hii huundwa kwa namna mbili. Moja ni nyembamba, nayo huhesabu baiti. Nyingine ni pana, huitwa ncursesw, nayo huhesabu herufi. Mtafiti wa Kimwera anaihitaji hiyo pana.

4.0 Juu ya istilahi

Kabla ya kuingia katika amri zenyewe, hatuna budi kusema neno juu ya istilahi, kwa kuwa katika kazi hii istilahi mbovu huleta hasara inayoonekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kuwa menyu na maelezo ya programu yanaweza kuwa kwa Kiswahili. Lakini menyu ni lugha ya mtumiaji. Lugha ya anayeiunda programu haijapata uangalizi wa kiasi hicho.

Kwa tendo la kugeuza msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine, baadhi ya waandishi hutumia kukusanya. Tunalipinga pendekezo hilo. Kompaila haikusanyi kitu, bali husoma maandishi ya mtu na kutoa maagizo ambayo mashine huyatekeleza. Zaidi ya hayo, mtafiti aliye uwandani tayari anakusanya data. Hebu tufikirie maelekezo yanayomwambia "ukimaliza kukusanya, futa faili za muda": ni mkusanyo upi uliomalizika, wa msimbo au wa masimulizi ya wazee wa Nkowe? Hatari ya agizo hilo haihitaji kufafanuliwa. Katika makala haya tutasema kukompaili kwa tendo la kompaila peke yake, na kuunda kwa kazi nzima ya kutoka msimbo hadi programu iliyo tayari.

Kusakinisha ni istilahi iliyofaulu. Mzizi wake ni ule wa kusakini, yaani kukaa mahali, na kweli tendo lenyewe ni kukifanya kitu kikae mahali pake katika mfumo. Swali la msingi katika usakinishaji, kama tutakavyoona, ni mahali gani.

Kusanidi tutalitumia kwa hatua ya kwanza, ambapo mfumo huchunguzwa kabla ya kuunda. Sanidi ya maktaba hii huiuliza kompyuta maswali mengi: ina kompaila gani, ina faili zipi za vichwa, inatambua kazi zipi za maktaba ya C. Nachingwea yenyewe inayo historia ya kazi kubwa iliyoanzishwa kabla ya maswali kujibiwa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uligharimu kiasi cha pauni milioni 36. Ulianzia Kongwa bila uchunguzi wa kutosha wa udongo na mvua, na huku kusini ulihitaji reli na bandari ambazo zilikuwa bado hazijajengwa. Mtu anayeona sanidi inachelewesha kazi na akakumbuka jambo hilo ataisubiri imalize.

5.0 Kuunda

Si kila mtafiti anahitaji kuunda maktaba hii mwenyewe. Mwenye mtandao mzuri na mamlaka ya msimamizi wa mfumo na asakinishe kifurushi kilichokwisha tayarishwa, na atakuwa amefanya vema. Njia ya msimbo chanzo ni ya yule ambaye kompyuta yake ni ya idara au ya chuo na hana nywila ya msimamizi, au ambaye mfumo wake ni wa zamani na vifurushi vyake havitolewi tena, au ambaye yuko Kilimarondo na mtandao si wa kutegemea. Hali hizi tatu mara nyingi humpata mtu mmoja.

Vitu vitatu vipatikane kabla ya safari: kompaila ya C, programu ya make, na kifungu cha msimbo chanzo, ambacho kwa toleo la 6.5 hakifiki megabaiti 4 na hubebeka katika kidude chochote cha kuhifadhia. Sahihi ya kidijitali inayoambatana na kifungu ihakikiwe hukohuko kwenye mtandao, maana uwandani hakutakuwa na njia ya kupata kingine kikibainika kuwa kimeharibika.

Kifungu hufunguliwa hivi:

tar xzf ncurses-6.5.tar.gz
cd ncurses-6.5

Kisha kusanidi (amri yote ni mstari mmoja):

./configure --prefix=$HOME/zana --with-shared --enable-widec --without-ada --without-debug

Chaguo la --enable-widec ndilo linaloleta maktaba pana. Tunalitaja waziwazi hata kama toleo fulani laweza kuwa nalo tayari, kwa sababu asiyelitaja hana hakika. --with-shared huagiza maktaba iundwe kwa namna ya kutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Mawili ya mwisho huacha sehemu ambazo mwanaisimu hana haja nazo na hivyo huokoa muda katika kompyuta dhaifu.

Lakini chaguo tunalotaka msomaji alitazame kwa muda ni la kwanza, --prefix. Hili ndilo linalojibu swali la mahali. Tumeandika $HOME/zana, yaani saraka iitwayo zana ndani ya makazi ya mtumiaji mwenyewe. Yako maelekezo yanayoshauri /usr, na yanayomtaka mtumiaji asakinishe kwa mamlaka ya msimamizi. Ushauri huo una hatari kubwa. Programu nyingi za msingi za mfumo, pamoja na ganda lenyewe linalopokea amri zetu, huweza kutegemea maktaba hiihii iliyosakinishwa na watengenezaji wa mfumo. Ukiandika yako juu ya ile, na ikatokea kuwa imeundwa kwa machaguo tofauti, ganda laweza kukataa kufunguka. Katika maabara ya chuo hilo ni usumbufu wa asubuhi moja. Katika kijiji cha Ruangwa, kompyuta ikiwa na rekodi za wiki tatu, ni jambo jingine kabisa. Kilichosakinishwa ndani ya $HOME/zana hakigusi mfumo, na kikiharibika hufutwa saraka moja tu.

Sanidi ikimaliza bila kulalamika, hufuata:

make
make install

Amri ya kwanza hukompaili. Maandishi mengi yatapita kwenye skrini, na maonyo machache miongoni mwake si ya kutisha. Kinachosimamisha kazi ni kosa, na kosa hutajwa mwishoni kabisa, hivyo lisomwe kuanzia chini kwenda juu. Amri ya pili husakinisha: maktaba hukaa $HOME/zana/lib, faili za vichwa $HOME/zana/include/ncursesw, na hifadhi ya terminfo $HOME/zana/share/terminfo. Ndani ya lib mtafiti atafute jina libncursesw.so.6. Ile w iliyo mwishoni mwa jina, kabla ya nukta, ndiyo alama ya upana. Akiona libncurses.so.6 pasipo w, ameunda maktaba nyembamba na hana budi kurudi kwenye kusanidi.

6.0 Kupima kwa neno la Kimwera

Programu za majaribio huja pamoja na kifungu, lakini tunapendekeza jaribio fupi lenye neno lilelile lililotuleta hapa. Faili pima.c na liandikwe hivi:

#include <locale.h>
#include <curses.h>

int main(void)
{
    int y, x;
    setlocale(LC_ALL, "");
    initscr();
    addstr("ŋomo");
    getyx(stdscr, y, x);
    mvprintw(y + 2, 0, "safu: %d", x);
    getch();
    endwin();
    return 0;
}

Likompailiwe kwa mstari mmoja:

cc -I$HOME/zana/include -I$HOME/zana/include/ncursesw pima.c -o pima -L$HOME/zana/lib -lncursesw -Wl,-rpath,$HOME/zana/lib

Programu huandika ŋomo, kisha huiuliza maktaba kishale kiko safu ya ngapi. Jibu sahihi ni 4. Likiwa 5 au zaidi, maktaba inahesabu baiti, au mfumo haujui kuwa tunaandika kwa UTF-8.

Sehemu ya mwisho ya amri, yenye -rpath, huiandikia programu hii mahali pa kuipata maktaba yake. Wengine hutumia badala yake kigeugeu cha mazingira kiitwacho LD_LIBRARY_PATH. Tofauti ni kwamba kigeugeu hicho huzihusu programu zote zitakazofunguliwa katika dirisha hilo, zikiwemo zile za mfumo zisizohitaji maktaba yetu, ambapo -rpath huihusu programu moja tu. Tunaipendelea njia ya pili kwa sababu ileile iliyotufanya tuikimbie /usr. Mwenye shaka aandike ldd pima, naye ataonyeshwa maktaba inachukuliwa kutoka saraka gani.

Mstari wa setlocale haupaswi kuachwa. Bila huo programu huanza katika mpangilio wa asili wa lugha ya C, ambamo ŋ haitambuliwi kuwa herufi, na hapo hata maktaba pana haitasaidia. Kwa bahati njema Kiswahili kimo katika orodha ya mipangilio ya lugha na mahali ya maktaba ya C ya GNU, kwa Tanzania kama sw_TZ na kwa Kenya kama sw_KE. Mtafiti aandike locale -a atazame kama sw_TZ ipo katika kompyuta yake. Ikiwepo, aandike export LANG=sw_TZ.UTF-8 kabla ya kufungua programu, mradi hakuna LC_ALL iliyokwisha wekwa, maana hiyo huishinda LANG. Isipokuwepo, asilazimishe: mpangilio usiokuwepo humrudisha mtu kimya kimya katika ule wa C, na jibu la jaribio litakuwa baya ingawa maktaba ni nzuri. Katika hali hiyo na atumie mpangilio wowote wa UTF-8 uliomo katika orodha, maana upana wa herufi ŋ hautegemei lugha.

7.0 Kiyao na Kimakonde

Mji wa Nachingwea, uliokua pamoja na mpango wa karanga, una wasemaji wa lugha nyingi, na ni nadra mtafiti kurudi akiwa na Kimwera peke yake. Kiyao na Kimakonde ni lugha zenye toni, na hapo maktaba pana inakutana na jambo gumu zaidi ya ŋ. Baadhi ya irabu zenye alama ya toni, kama á, zina nambari yake moja katika Unicode. Herufi kama ŋ yenye alama ya toni juu yake haina, hivyo huandikwa kwa vipande viwili: ŋ kwanza, kisha alama ya toni inayosimama peke yake, yenye baiti CC na 81, na ambayo haichukui safu yoyote. Jumla ni baiti nne, nambari mbili za Unicode, na safu moja.

Maktaba ya ncursesw hulihesabu hilo sawasawa, na msomaji anaweza kuhakikisha kwa kuongeza alama hiyo katika pima.c: jibu litabaki 4. Lakini kuhesabu sawasawa si kuchora sawasawa. Uchoraji ni kazi ya dirisha la terminali na fonti yake, na ziko fonti zinazoiweka alama ya toni pembeni mwa herufi badala ya juu yake. Mtafiti akiona hivyo asirekebishe kwa kufuta na kuandika upya, kwa sababu data iliyo ndani ya faili ni nzima. Abadilishe fonti. Akitaka kuthibitisha kwamba faili li salama, atazame baiti zenyewe kwa amri ya od -t x1, na akiikuta c5 8b ikifuatwa na cc 81, aendelee na kazi.